Ua wa Kayaba

Sipendi jemu ya dukani. Ni tamu bila sababu. Niliyolelewa nayo ilikuwa ya kayaba, yale matunda ya manjano yanayoota kwenye ua wa miiba, makali kiasi kwamba ukiyauma jicho moja linafumba lenyewe. Mama aliyachemsha, akayachuja, akayatia sukari mpaka yakanyamaza.

Ua wenyewe ulitutenganisha na anti, mjane Mhindi aliyekuwa jirani yetu hapa Lavington, Nairobi, tangu sijazaliwa. Kutenganisha ni neno tu. Msimu ulipofika, mama alitandika gunia upande wetu, anti akatandika shuka kuukuu upande wake. Kila mmoja alitikisa matawi kwa fimbo, na yaliyoanguka kwako yakawa yako. Hakuna aliyethubutu kuingiza mkono ndani, maana mwiba wa kayaba ukikuchoma kidole kinavimba kama ndizi.

Walifanya kazi hiyo wakipiga soga kupitia majani bila kuonana: wakwe, presha, bei ya unga, nani kafa. Mama akapika jemu, anti akatengeneza achari ya pilipili na haradali, wakapelekeana. Hata msimu ulipopita, mama alipata kila asubuhi jambo la kufanya karibu na ua. Naye alikuwa mjane, na sisi watoto tulikuwa kazini. Hakuwa na mtu mwingine wa kuongea naye.

Kisha wezi wakavamia nyumba moja hapo chini, na mtaa mzima ukashikwa na homa ya kuta. Fundi mmoja alikuja kwetu akitokea kwa anti. Alisema mama wa upande wa pili hana neno, ukuta ujengwe, kila nyumba itoe nusu ya gharama.

"Kama jirani anataka, mimi ni nani nikatae?" mama akasema. "Analala peke yake."

Kayaba iling'olewa kwa minyororo, mizizi ikitoka na udongo mwekundu. Mama alitazama kutoka dirisha la jikoni, akasema afadhali, sasa mwenzake atapata usingizi. Hakula siku hiyo.

Nilidhani watazoea. Hawakuzoea. Ukienda kwa mtu kwa kupitia langoni, lazima uwe na sababu: unabonyeza kengele, askari anakuuliza unamtaka nani. Kwenye ua wa kayaba hakukuwa na haja ya sababu. Simu nayo anti hasikii vizuri, kwa hiyo walisalimiana tu kwa kupaza sauti, wakakata. Mama akapunguza maneno hata nasi. Niliuchukia ukuta ule, na moyoni nilimlaumu anti.

Mwezi uliopita anti alikuja kuaga, ameshikwa mkono na mkwe wake. Mwanawe alikuwa amempatia nyumba kwenye ghorofa kule Parklands, karibu na hospitali na hekalu. Nikawamiminia chai.

"Tangu ujenge hiyo ukuta," anti akamwambia mama, "mimi nimezeeka haraka sana."

Mama akaweka kikombe chini. "Nijenge mimi? Si ni wewe ulitaka?"

"Mimi? Huyo fundi alikuja kwangu kwanza. Akaniuliza kama niko na shida na ukuta. Nikafikiria ni wewe umemtuma. Nikasema, mama hana bwana, anaogopa wezi, wacha ajenge."

"Na mimi nikasema hivyo hivyo juu yako."

Nilitaka wacheke. Ni jambo la kuchekesha, ukilisikia kwa watu wengine. Heshima si utumwa, husema wazee, lakini hii yao ilikuwa imewafungia kila mmoja kwake kwa mawe na saruji.

"Ungeniuliza," mama akasema.

"Ningekuuliza aje? Ungefikiria nakukatalia."

Mama akaangua kilio mbele ya wageni, jambo ambalo hakulifanya hata siku tuliyomzika baba.