Shamba Nililolima Nikiwa Usingizini

Nilipokuwa mtoto, watu wa kijiji chetu, kwenye njia ya kwenda Matai, waliamini kwamba nalima usiku. Huku Ufipa mtu akiamka hoi bila sababu husemwa kwamba kuna mchawi aliyemchukua usingizini, akamtia jembe mkononi, akamlimisha shambani kwake mpaka karibu na alfajiri, kisha akamrudisha kitandani. Asubuhi mwili unauma na mwenyewe hakumbuki kitu. Mimi niliamka hoi karibu kila siku. Magoti yaliniuma, mgongo uliniuma, na baridi ya mwezi wa sita ilipoingia nililia mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya hapo nilikuwa mvivu tu. Nikitumwa kisimani nilirudi na ndoo nusu, nikitumwa kuni nilikaa chini njiani, na shuleni nilichapwa kwa kusinzia. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetengua hukumu hiyo, siku moja akinikanda miguu kwa maji ya moto.

"Mtoto huyu si mvivu," alimwambia mama. "Analimishwa."

Sikuogopa hata kidogo. Niliona raha! Mtu anayelimishwa usiku ana haki ya kuchoka mchana, na tangu siku hiyo hakuna aliyenifokea nyumbani. Niliachwa nilale mpaka jua lipate nguvu, na uji wangu ukawekwa kando ya moto usipoe.

Bibi alifanya na uchunguzi wake. Jioni alinipaka unga wa mahindi kwenye nyayo, asubuhi akafunua blanketi kutazama. Unga, kama mnavyojua, hauwezi kukaa kwenye nyayo za mtoto anayegaagaa kwa maumivu. Bibi alitikisa kichwa.

"Unga umebaki shambani," alisema.

Ikabaki kujua ni shamba la nani. Ilikuwa ile miaka ya biashara huria, wakati mtu yeyote aliruhusiwa kununua mazao na mbolea ya bei nafuu ikatoweka. Baba alijiingiza katika biashara ya mpunga, akawa anashinda kule bondeni Mtowisa, harudi ila mara mojamoja. Waliozoea mbolea walivuna mahindi ya kutia huruma. Lakini jirani yetu Mama Filbeti hakuwahi kuitegemea. Aliendelea kufukia majani ndani ya matuta ya mviringo ya udongo, yale tunayoyaita intumba, kama walivyofanya wazee, na mwaka huo ulezi wake ukawapita wote. Tena mjane, anaishi peke yake, na huyo Filbeti aliyempa jina alikwisha kufariki akiwa mdogo. Nani anamlimia? Watu walitazama shamba lake, wakanitazama mimi, wakapata jibu.

Mambo yakawa mazito kijiji kilipoanza kuchangishana ili kuwaita lambalamba, wale waganga wanaopita nyumba hadi nyumba wakifukua uchawi. Aliyetajwa alinyolewa nywele mbele ya watu na sakafu yake ikachimbwa, na baada ya hapo wengi walihama. Balozi wa nyumba kumi alitangaza mkutano wa Jumapili baada ya misa. Kila mtu alijua kwamba jina lilikuwa linangojwa kutoka kwetu.

Jumamosi asubuhi Mama Filbeti alikuja. Alikuja mchana kweupe, majirani wakimwona, na beseni la ulezi kichwani. Nilikuwa uani nimelala juani, nimefunikwa kitenge cha mama.

"Shikamoo, mama," alimwambia Bibi.

"Marahaba." Bibi hakumpa kiti.

"Nimeleta ujira wa mtoto." Alitua beseni. "Nasikia ananilimia. Mimi simtumikishi mtoto wa mtu bure."

Mama alijishika mdomo. Bibi alimkazia macho. "Unalifanyia utani jambo hili?"

"Siwezi utani, mama, nimechoka. Nikifika kisimani watu wanainua ndoo zao. Kesho mtanitaja. Basi mnitaje nikiwa nimeshalipa."

Alipiga magoti, akakifungua kiganja changu. "Tazameni. Mkono huu haujui jembe."

"Malengelenge wachawi huyafuta," alisema Bibi. "Si ndiyo kazi yao?"

Mama Filbeti alikuwa ameacha kutazama mkono, ananitazama machoni. Alinishusha ukope wa chini kwa kidole gumba, taratibu, na uso wake ukabadilika.

"Macho yake yana umanjano tangu lini?"

"Tangu mdogo," alijibu mama.

"Na alipokuwa mchanga, vidole vilimvimba?"

Mama alivitazama vidole vyangu. "Vilivimba."

"Filbeti wangu alikuwa hivihivi. Na mimi niliambiwa analimishwa. Nilizunguka kwa waganga bonde zima nikitafuta mtu wa kumkamata, mpaka mwanangu akanifia mgongoni. Huyu halimi kwa mtu. Ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali, mjini."

Nilikuwa sijawahi kuitwa mgonjwa. Mgonjwa kwetu alikuwa mwenye homa, na homa huja ikapita. Kilichonipata mimi kilikuwa hakipiti, kwa hiyo watu walikiona kuwa ni tabia yangu.

Bibi aliutazama ule ulezi. Akiuweka ndani, amepokea malipo, basi Mama Filbeti ni mchawi. Akiukataa, ni hivyohivyo, maana nani hukataa chakula cha jirani kama hakiogopi? Nje ya ua majirani walikuwa wamesimama wanasikiliza, hata hawajifichi.

"Mkwe wangu," alisema mwishowe, "saga ulezi huu. Na wewe Mama Filbeti, huondoki. Utakula na sisi."

Ulisagwa pale pale kwenye jiwe, ukapikwa ugali, tukala uani na maharage kutoka sahani moja. Kwetu hakuna tamko kubwa kuliko hilo, kwa kuwa hakuna mwenye akili zake anayekula cha mchawi. Bibi ndiye aliyemega tonge la kwanza, akafanya ishara ya msalaba kabla ya kulitia kinywani. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba Bibi alikuwa bado anaamini. Alikiogopa chakula kile, na akakila. Sijamwona mtu jasiri kama yeye, nami nampenda kwa tonge lile kuliko kwa mambo mengine yote aliyonitendea.

Kesho yake mkutanoni alisimama akasema, "Kwetu hatuna jina," akakaa. Wako walioendelea kumkwepa Mama Filbeti, lakini nyumba yake haikuchimbwa, na aliishi pale mpaka uzeeni.

Mama alinipeleka mjini. Hospitali walinipima damu, wakasema ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, kwamba baridi yetu inauchochea na kwamba hautaisha. Tuliporudi Bibi alitupokea mlangoni, akasikiliza maelezo yote.

"Kwa hiyo hakuna mtu?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama."

Bibi aliketi kizingitini akalia. Nilishangaa, maana nilidhani hiyo ni habari njema.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi Sumbawanga mjini. Nakunywa vidonge vyangu kila siku na kuvaa masweta mawili, na watu wakiniuliza nimeamkaje nasema salama, kwa kuwa jibu la kweli linawachosha. Nikiugua mara ya kwanza huniletea machungwa. Mara ya pili husema pole. Baada ya hapo husema, "Tena?" Siwalaumu, hata mimi nimejichoka. Kuna asubuhi ninapokaa ukingoni mwa kitanda na kutamani kuwe na mtu, mwenye sura na nyumba yake, ambaye akiamua kuniacha nitapona. Hayupo, na hicho ndicho alichokililia Bibi. Navaa kiatu kimoja, napumzika, navaa cha pili.