Swali la Mlangoni kwa Wauguzi wa Lassa

Saa moja asubuhi, Baindu Kallon amesimama mbele ya chumba cha kutengea wagonjwa katika hospitali moja ya Kenema. Amejifunika mavazi ya kinga kuanzia utosini hadi unyayoni. Ndani, mwalimu Vandi, mgonjwa wa homa ya Lassa, anatoka damu kwenye fizi na kurusharusha mikono. Bila dripu hafiki jioni. Sindano ikiteleza, itamchoma muuguzi na kumwambukiza.

"Unaingia kwa hiari yako?" anauliza Finda, muuguzi kijana mwenye mtoto anayenyonya.

"Naingia. Na wewe?"

"Leo siwezi, Mama."

"Basi nisubiri hapa. Na usinililie, sijafa. Kisamvu changu bado kiko jikoni."

Muuguzi mwingine, Lahai, anaingia naye kumshika mgonjwa mkono. Hakuna anayemcheka Finda. Katika wodi hii kila mtu huulizwa kabla ya kuingia, na akisema hapana, yameisha.

Desturi hiyo aliianzisha matroni Jeneba Kpaka. Zamani wauguzi waliingia kwa amri tu, mpaka mmoja wao akaambukizwa, akazikwa.

"Asiyetaka kuingia si mwoga, ana watoto," alisema Jeneba.

Akimtaja, Baindu anakunjuka uso. "Tulikula bakuli moja, wote. Nyama alitusukumia sisi, eti ameshiba. Mwongo yule!" Anacheka mpaka machozi yanamtoka. Siku hizi kila mtu na sahani yake, na wodi imepoa. Ukimsikiliza, unatamani ungekuwapo.

Kisha Ebola ikaja, ikamwangusha Jeneba mwenyewe. Homa ikamfanya atapatape kitandani. Baindu alivaa mavazi ya kinga, akasimama mlangoni, akaulizwa. Kabla hajafungua kinywa, sauti ya matroni ikatoka ndani.

"Jibu lake ni hapana! Baindu, ukinijia na sindano hiyo nakulaani!"

Wenzake wakamzuia. Aliruhusiwa kumsogezea kikombe cha maji tu. Kesho yake matroni akafariki.

"Pengine dripu ingemwokoa. Pengine tungezikwa pamoja," anasema Baindu. "Alinipa uhai, akaninyima jibu langu. Nampenda sana yule mama, na bado namkasirikia."

Sasa ametoka chumbani, na mwalimu Vandi ametulia, dripu ikidondosha matone. Kama atapona, bado haijulikani.

Mshahara wa Baindu hutosha gunia la mchele na nauli. Mengine ni dua. Mwakani anastaafu. Anataka kujenga jiko nyuma ya nyumba yake, awaalike wauguzi wote waje wale tena bakuli moja.

"Na ukiugua wewe?" anaulizwa.

"Nitamwambia Finda akae nje na mtoto wake."

Finda ameinama, anamnyunyizia dawa ya klorini kwenye buti. Hainui hata uso.

"Utaniuliza kwanza, Mama," anasema. "Kujibu ni kwangu."