Nati Zilizokazwa kwa Moto

Matonya alizaliwa Nzuguni katika nyumba ya wahunzi, na mpaka alipotimiza miaka thelathini na mitano hakuwa amewahi kukutana na chuma kilichomkatalia. Baba yake alifua majembe, shoka na mikuki, na kabla ya baba alifua babu. Katika ukoo ule mtoto wa kiume alijifunza kuvuta mivukuto kabla ya kujifunza kuchunga mbuzi. Chuma kikipinda, kilirudishwa motoni. Kikivunjika, kilirudishwa motoni. Vipande viwili visivyopatana vilitiwa motoni pamoja mpaka vikapatana. Hiyo ndiyo elimu aliyokuwa nayo, na ilimtosha kabisa mpaka reli ilipofika Dodoma.

Wajerumani walipojenga karakana kando ya reli, walitafuta watu wanaojua chuma. Matonya alikwenda kwa miguu, nyundo yake mwenyewe begani, na Wanyamwezi waliokuwa wakipanga mataruma, vyuma vya kulazia reli, wakamcheka kama mtu anayekwenda kisimani na maji yake. Nyapara wa karakana alikuwa Shaaban, kijana wa Bagamoyo mwenye kusoma na kuandika, ambaye alikuwa amefuata reli ile tangu ilipokuwa Morogoro. Alimwuliza kama anaijua kazi ya parafujo na nati. Matonya hakuwa amewahi kushika nati hata moja. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na yule anayemwuliza alikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi, basi akajibu kwamba chuma ni chuma.

"Chuma ni chuma?" akasema Shaaban. "Haya, mzee wa chuma. Ingia."

Akapewa mikokoteni. Ilikuwa kumi na mmoja, ya magurudumu manne, na ndiyo iliyobeba kila kitu kutoka karakana hadi relini: mataruma ya chuma, mitaimbo, mapipa ya maji. Ilinunuliwa rahisi kwa mkandarasi mmoja aliyemaliza kipande chake cha njia huko chini, na kila aliyewahi kuitengeneza alikuwa ameitengeneza kwa alichokuwa nacho mkononi. Mkokoteni mmoja ulikuwa na parafujo za nchi mbili. Za kwanza meno yake yalikuwa mapana, za pili membamba, na unene wake ulikaribiana kiasi kwamba kwa macho usingezitenga. Nati za akiba zote zilikuwa katika pipa moja, zimechanganyika kama kunde na choroko.

Shaaban alimweleza mara moja tu. Nati ianze kwa vidole. Ikikubali mizunguko mitatu bila spana, huyo ndiye mke wa parafujo ile. Ikigoma, isilazimishwe, atafutwe mke mwingine. Mafundi wakacheka, na Matonya naye akacheka, ingawa hakuwa ameelewa kwa nini nati igome.

Siku ya kwanza alichambua pipa lile tangu asubuhi. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa moto, ngozi yake ngumu kama kwato, na havikusikia meno. Mpaka jua linashuka alikuwa amemaliza mkokoteni mmoja, wakati fundi wa pembeni yake alikuwa amemaliza mitatu. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mgogo yule anahesabu punje za uwele. Kuuliza tena aliona aibu.

Siku ya pili akafanya kama walivyofanya kwao. Aliokota nati yoyote iliyokaribia, akaitia motoni mpaka ikawa nyekundu na kutanuka, akaivisha kwenye parafujo kwa koleo, akaigonga kwa nyundo mpaka mwisho, akaimwagia maji. Ilipopoa ilibana kiasi kwamba spana haikuweza kuitikisa. Siku ile alimaliza mikokoteni minne.

Bwana mkubwa wa karakana, ambaye watu walimwita Bwana Mikono Nyuma kwa jinsi alivyotembea, alijaribu nati moja kwa spana ndefu, ikakataa kufunguka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu hapo Matonya akaitwa Fundi wa Moto. Miezi mitatu mikokoteni yake haikulialia wala kulegea. Akaanza kutembea na yeye mikono nyuma.

Mikokoteni ile ilisukumwa na watu wawili wawili, mmoja nyuma, mmoja mbele akizuia kwenye mteremko. Aliyezuia mbele mara nyingi alikuwa Hassani, Mrangi wa Kondoa, mtu mpole mwenye mabega mapana, aliyekaa na mkewe Zaitun katika vibanda vya wafanyakazi upande wa Kizota. Hassani alimpenda Matonya. Kila alipopita na mzigo alisema kwamba yeye akishika mkokoteni wa Fundi wa Moto hana haja ya kutazama gurudumu.

Jumatatu moja asubuhi gurudumu la mbele lilitoka katikati ya mteremko. Mkokoteni ukaanguka upande, na mataruma yakateremka yote juu ya mguu wa Hassani. Walipomtoa, wayo ulikuwa umegeuka ndani.

Bwana akaja. Hakutazama mguu, alitazama ncha ya ekseli, mhimili wa gurudumu, pale nati ilipotakiwa kuwa. Ilikuwa tupu. Mwezi ule wote nati zilikuwa zikipotea karakana, na ilisemekana vijijini zinafuliwa vyembe vya mishale. Kwa kinywa cha Shaaban akamwuliza Matonya kama ndiye aliyeifunga nati ile.

"Ndimi, Bwana."

"Iliingia sawasawa?"

Hapo Matonya angeweza kusema neno. Alijua kwamba ile haikuingia sawasawa, wala nyingine zote. Mafundi walikuwa wamesimama duara, na Wanyamwezi wale wale miongoni mwao.

"Iliingia," akasema.

"Inaweza kufunguka yenyewe?"

"Nati yangu haifunguki yenyewe."

Alilisema jibu hilo kwa fahari, na lilipokuwa limeshatoka ndipo alipoona lilikokwenda. Bwana aligeuka akamtazama Hassani pale chini. Kama nati haifunguki yenyewe, basi imefunguliwa, na aliyekuwa karibu nayo ni mmoja. Ikatangazwa kwamba nati isipopatikana mpaka Jumamosi, Hassani atapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya watu wote, mguu au si mguu, na jina lake litaandikwa mwizi, asipate kazi popote penye reli.

Jumanne wakati wa chakula Matonya aliteremka peke yake kwenye ule mteremko. Hakutafuta sana. Nati ilikuwa katika mfereji wa maji, imejificha nusu kwenye kokoto. Aliigeuza juani. Ndani meno yalikuwa yamelala yote, laini kama ndani ya ushanga, na chuma kilikuwa na ile rangi ya samawati inayoachwa na moto. Mhunzi yeyote wa Nzuguni angesoma pale kilichotokea. Mtikisiko wa miezi mitatu ulikuwa umeimaliza ile nguvu ya kubana, na meno ya kuishikilia hayakuwapo. Hakuna mkono ulioifungua.

Akaitia katika kifuko cha ngozi alichofunga kiunoni. Alijiambia kwamba ataitoa jioni. Jioni Bwana alikuwa na wageni. Alijiambia kesho.

Jumatano ilimbidi akamjulie hali mgonjwa, kwani wenzake wote walikuwa wameshakwenda na watu wangeuliza. Alibeba kibuyu cha maziwa. Zaitun alimpokea kwa mikono miwili, akamwita shemeji, akamtandikia ngozi. Mguu wa Hassani ulikuwa umefungwa kwa vijiti na matambara, na uso wake ulikuwa umechakaa kwa siku mbili zile kuliko kwa mwaka mzima wa kazi. Hakuzungumza juu ya mguu. Alizungumza juu ya neno mwizi. Alisema kwao Kondoa ana baba yake, mzee anayeswalisha msikitini, na habari za relini hufika Kondoa pamoja na watu wa kwanza wanaorudi.

"Wewe unaijua nati yako," akamwambia Matonya. "Ukipata nafasi, nitafutie. Hawa wengine hata wakiiona hawataitambua."

Matonya akasema atatafuta. Zaitun akaleta ugali wa uwele na mlenda, na Matonya akala, kwa sababu kukataa kungeulizwa. Kila alipoinama kumega tonge, kifuko kilimgusa paja.

Alhamisi ikapita, na Ijumaa. Alikuwa amehesabu mara nyingi kiasi gani cha aibu kingempata, na kila alipohesabu alikiona kikubwa kuliko viboko ishirini na vitano juu ya mgongo wa mtu mwingine. Jambo hilo alikuja kulijua baadaye kwamba ndilo baya kuliko yote aliyoyafanya.

Jumamosi watu walipangwa uwanjani. Hassani aliletwa akishikiliwa na wenzake wawili. Askari alikuwa amesimama na kiboko chake, na gunia limetandikwa chini. Bwana aliuliza mara ya mwisho nati iko wapi, Shaaban akatafsiri. Hassani aligeuza kichwa akitafuta uso fulani katika safu, kama mtu anayemtafuta ndugu yake, na uso alioutafuta ulikuwa wa Matonya.

Miguu ilimtoa Matonya kwenye safu kabla hajaamua. Akampa Shaaban ile nati.

"Nimeiokota mferejini," akasema, na akatumaini hayo yangetosha.

Shaaban aliinua nati akachungulia jua ndani yake. Kisha akaagiza parafujo mbili, ya meno mapana na ya meno membamba. Nati ikateleza juu ya ya kwanza kama pete katika kidole kilichokonda. Ikateleza juu ya ya pili vilevile.

"Nani aliichoma?"

"Mimi."

"Na hizo nyingine?"

"Zote," akasema Matonya.

Alikitarajia kiboko, na moyoni alikitamani, maana kiboko kina hesabu yake na huisha. Lakini Bwana alikuwa na mikokoteni kumi na mmoja isiyoaminika, na mtu aliyepigwa hawezi kufanya kazi siku mbili. Hassani akaachiwa. Matonya akaamriwa kukaa pale pale uwanjani, mikokoteni yote ipinduliwe mbele yake, akate nati zake moja moja kwa tindo. Zilikuwa thelathini na nane. Kila iliyopasuka iliangukia sinia la bati, na kila aliyepita aliinama kutazama meno yaliyolala. Hawakumwonea huruma.

"Fundi wa Moto, hii uliichemsha au uliikaanga?"

"Iongeze chumvi, ndugu yangu, ndipo itakaza."

Alikata Jumamosi ile na Jumatatu nzima. Shaaban hakumsimanga. Jioni alikuja kuchuchumaa karibu naye na kumwonyesha jinsi ya kupitisha ukucha katika meno, kwa kuwa ukucha husikia pale ngozi isiposikia, na kumwambia kwamba swali la siku ya kwanza lingechukua muda mdogo kuliko kazi hii. Matonya alishukuru bila kuinua macho.

Jumatatu hiyo hiyo, zikiwa zimebaki nati chache, Hassani alikuja akijikongoja kwa fimbo. Alisimama, akatazama tindo linavyofanya kazi.

"Uliiokota lini?" akauliza.

Matonya angeweza kusema Ijumaa. "Jumanne," akasema.

Hassani alifikiri. "Jumatano ulikuja kwangu."

"Nilikuja."

"Ilikuwa wapi?"

Matonya aligusa kifuko kiunoni. Hassani alikitazama kile kifuko muda mrefu, kama mtu anayetazama mnyama asiyejua kama anauma. Kisha akageuza fimbo yake akaenda zake, na hakulisema jambo lile kwa mtu yeyote pale karakana. Matonya alingoja siku nyingi lisemwe. Halikusemwa.

Alibaki karakana. Kwa ukucha alijifunza kutenga parafujo za nchi zote mbili, akachambua pipa lile katika mapipa mawili, na magurudumu ya mikokoteni yake hayakutoka tena. Sifa hazikurudi, wala hakuzitafuta. Akisifiwa aliondoka.

Mguu wa Hassani ulipona vibaya, na mtu asiyeweza kuzuia mteremko hakuwa na kazi relini. Miezi minne baadaye yeye na Zaitun walifunga vitu vyao kurudi Kondoa. Matonya hakwenda kuwaaga. Siku hiyo alijitakia mwenyewe kazi ya kufuata mkaa Msalato, na alipokuwa anarudi na mzigo wake akakutana nao njiani, Hassani juu ya punda wa kukodi, Zaitun akitembea kando. Hapakuwa na njia nyingine ya kupita. Akateremka pembeni, kwenye miiba, akasimama.

Zaitun alimwona, akasimamisha punda, akamsalimia vizuri kabisa na kumwuliza habari za nyumbani. Kisha akasema kwamba asingependa kuondoka bila kumwambia neno alilokuwa nalo tangu siku ile ya uwanjani.

"Watu wanakucheka, shemeji, mimi nasikia. Lakini ni wewe uliyetoka mbele ya Mzungu ukakubali aibu yako, mume wangu asipigwe. Wengine wangeitupa ile nati kichakani. Nyumbani kwetu tutakutaja kwa wema."

Matonya akamtazama Hassani. Hassani alikuwa anatazama masikio ya punda.

"Twende, mama," akasema Hassani, "jua linapanda."

Zaitun aliutoa mkono, na Matonya akaushika, mkono wake mweusi kwa mkaa. Wakaendelea. Yeye alibaki pale kwenye miiba mpaka hawakuonekana tena, kisha akatwika mzigo akarudi kazini.