Mama Podo na Kidude cha Nukta Nyekundu

Ukitaka kumuudhi Mama Podo, msifie upinde wake kwamba unapendeza ukutani. Karakana yake ya makochi iko nyuma ya nyumba, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na sponji, na upinde huo huning'inia juu ya meza ya kukatia vitambaa, ugwe wake umelegezwa. Mteja akija kuulizia kochi lake, jicho humwenda juu.

"Pambo zuri hilo, mama."

Naye, misumari ikiwa bado mdomoni, hujibu bila kuinua kichwa: "Pambo ni wewe. Huo ni upinde wa kazi."

Kazi yenyewe ni ya msimu. Kila mwaka, mvua zikishapita na nyasi kukauka, chama cha wawindaji wa upinde hupewa kibali cha kuwinda swala wachache kwenye vichaka vya nje ya mji. Baba yake Mama Podo alikuwa mmoja wa waanzilishi. Alikuwa seremala, hakujaliwa mtoto wa kiume, na wala hakuona kwamba amepungukiwa na kitu. Alimfundisha binti yake kuchonga mti, kusokota ugwe na kufunga manyoya kwenye mshale. Akamfundisha na jambo moja lililo gumu kuliko hayo yote: usiachie mshale mpaka uzione kope za mnyama. Kama huzioni, hujafika. Na kama hujafika, tambaa, au rudi nyumbani.

Miaka mingi Mama Podo alirudi nyumbani. Mumewe, dereva mstaafu wa lori, alikuwa akimpokea mlangoni.

"Tumeleta nini leo?"

"Kupe."

"Haya, ngoja niteleke maji ya kuoga."

Maisha yakaenda hivyo bila mtu kulalamika, mpaka msimu ule Mwenyekiti wa chama alipompiga swala kutoka mbali. Mshale ukaingia ubavuni, swala akakimbia nao. Walifuata matone ya damu mpaka giza likawazuia, na hawakumpata. Mwenyekiti ni mtu mwema; siku ile hakugusa chakula. Kwa hiyo shemeji yake Mama Podo, mdogo wa mumewe mwenye duka la simu, alipokuja na dawa ya tatizo hilo, Mwenyekiti aliipokea kama mgonjwa.

Dawa ilikuwa vidude viwili. Kimoja ni cha kupimia umbali: unakielekeza kwa mnyama, unabonyeza, kinalia *tii*, namba inatokea. Cha pili ni kioo kidogo cha kufunga kwenye upinde, chenye nukta nyekundu ya kulengea. Ikapendekezwa kanuni: asiye navyo asipige mnyama. Yaani Mama Podo, ambaye upinde wake haukuwa na hata alama ya kalamu, angekaa pembeni katika chama kilichoanzishwa kwa ajili ya pinde kama huo.

Siku moja kabla ya mkutano wa kuipigia kura kanuni hiyo, shemeji alimfuata karakanani, kioo mkononi.

"Shemeji, kifunge tu. Hata usikitazame. Nani atajua?"

"Kwani mimi nimekufa?"

"Jamani, unagombana na kioo!"

"Sigombani nacho. Nakirudisha kwa mwenyewe." Akamtia kioo kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo, kama anamtuma mtoto dukani.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shabaha. Shemeji alisimama kwenye mstari mweupe, mbali kabisa, akapima, akalenga, akapiga duara katikati. Watu wakashangilia. Kisha akamgeukia Mama Podo. "Karibu, shemeji. Tuone upinde wa mzee."

Angeweza kukataa. Badala yake alikwenda mpaka mstarini, akavuta, akaachia. Mshale ulipita juu ya duara na kuchoma godoro kuukuu lililokuwa nyuma. Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata.

"Mama, asiyekubali kushindwa si mshindani," Mwenyekiti alisema, bila ubaya.

"Nimekubali kukosa," alijibu. "Mmeona wote nimekosa? Vizuri. Nikisimama hapa nitakosa leo, na kesho nitakosa. Ndiyo maana sijawahi kumpiga mnyama nikiwa mbali hivi. Wewe, Mwenyekiti, ulimpiga yule ukiwa umeziona kope zake?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa.

"Basi hukukosa kioo. Ulikosa kutambaa. Na sasa mnataka kununua kitu cha kuwafanya msitambae kabisa."

Maneno hayo yaliwachoma wengi, na mtu aliyechomwa hakupigii kura. Mikono ikainuliwa, kanuni ikapita. Mama Podo akachomoa mshale wake godoroni, akauangalia manyoya, akaondoka.

Nyumbani mumewe alimwambia, "Basi mwaka huu utapumzika."

"Nimekwambia nimechoka?"

Asubuhi ya windo lori lilipofika, alikuwa amesimama barabarani na upinde begani. Mwenyekiti akashuka, uso umekunjamana.

"Mama, si tulikubaliana?"

"Mlikubaliana. Kanuni inasema nisipige. Nionyeshe pale iliposema nisinyatie." Akaligeuza podo lake juu chini, akalikung'uta. Halikuwa na mshale hata mmoja.

Mwenyekiti akampisha apande. Walipofika, alimpangia kila mtu upande wake, akatangaza kwa sauti: "Mama Podo yuko ukingo wa kijito kikavu. Mmesikia? Ukingo wa kijito." Shemeji alikuwa akifuta kioo chake kwa kitambaa laini, akiangalia kama betri imejaa.

Mama Podo alivua viatu, akaviacha chini ya jiwe. Alirusha vumbi kidogo apate kuujua upepo, kisha akalala kifudifudi. Swala dume alikuwa akila majani ng'ambo ya kijito. Akiinamisha kichwa, mama alisogea. Akikiinua, mama aligeuka kuwa udongo. Mwiba uliingia kwenye kiwiko, akauacha humo. Alipofika nyuma ya kichaka cha mwisho na kuinua uso taratibu, alimwona nzi ametua pembeni mwa jicho la mnyama, na jicho likapepesa. Kope zote zilionekana, moja moja.

Vidole vyake vilikwenda kwenye ugwe vyenyewe. Hapakuwa na mshale. Hasira zikampanda, lakini akaachia ugwe polepole usilie.

Ndipo akasikia nyuma yake, upande wa mlimani: *tii*. Kimya. *Tii, tii.* Swala akasimamisha masikio, akatoweka.

Shemeji aliteremka mbio, mweupe kwa vumbi na hofu. "Unataka nikuue?"

"Wewe ulikuwa unapima nini?"

"Swala! Mara kidude kinanipa namba hii, mara ile. Nikajua betri. Nimeshaweka mshale, nataka kuvuta, nakiona kichaka kina nyayo!"

"Kilikuwa kinanipima mgongo. Mwenyekiti alisema niko wapi?"

Shemeji aliurudisha mshale kwenye podo lake. Akakaa chini pale pale.

Kwenye lori Mwenyekiti aliwagombeza wote wawili, lakini zaidi alimgombeza mama. "Leo ungekufa!"

"Ningekufa kwa kipimo sahihi."

"Usifanye mzaha. Msimu ujao sikupakii kwenye gari hili."

"Nitatangulia kwa miguu. Mkifika mtanikuta."

"Kanuni iko pale pale, mama."

"Na mimi niko pale pale. Tuone nani atachoka."

Hakuna aliyecheka safari hii. Lori likaondoka, watu wakishikilia vyuma vya ubavuni. Mama Podo alitoa pini kwenye kanga yake, akaanza kuchokoa mwiba kiwikoni. Baada ya kitambo shemeji akamsogelea, akainamisha kichwa wengine wasisikie.

"Shemeji, ulifikaje karibu vile? Mimi nikitambaa hatua chache tu, wanyama wote wanajua."

Mwiba ulitoka. Mama Podo aliutazama, akautupa nje ya lori, kisha akautazama upinde wa shemeji ukimeta kwa vioo na skrubu.

"Fungua kwanza hayo madude," alisema. "Ukimaliza, njoo karakanani na suruali usiyoipenda."