Asali Niliyompa Mama Mkwe

Majani lazima yakauke kwanza. Hapo ndipo wengi wanakosea. Wanachuma majani ya rehani na umande wake, wanayatumbukiza kwenye asali, halafu asali inachacha, inatoa povu kama pombe, wanasema aliyewauzia ni mwizi. Mimi naanika majani kivulini, kwenye ungo, mpaka yakiguswa yanavunjika. Tangawizi naikata vipande vyembamba, nayo naikausha. Asali yenyewe naitaka ya kule Kuluba, ile nyeusi inayokwaruza koo kidogo. Naichuja kwa kitambaa, naipasha ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, halafu naimwagia majani kwenye chupa ya mdomo mpana. Kila asubuhi naigeuza chupa. Majani yakipoteza rangi, asali imeshachukua vyao vyote.

Mambo haya nilifundishwa Sudan, kambini. Serikali ya yule rais wa kwetu ilipoanguka mwaka sabini na tisa, mume wangu alikuwa askari, na sisi watu wa Koboko wote tukachukuliwa kuwa askari, hata anayenyonya. Tulivuka mpaka pale Oraba na vyombo kichwani. Mume wangu alibaki nyuma na wenzake, na mpaka leo sijaonyeshwa kaburi. Mtoto wangu wa pekee alikufa kwa kifua, mvua za kwanza za kambi. Baada ya mazishi, bibi mmoja wa hema la jirani alikuja na kikombe cha asali yenye majani, akaniambia ninywe, maana nimelia mpaka sauti imekwisha. Nikanywa. Nikamuuliza kwa nini hakuja mtoto akiwa hai. Akasema hakujua kwamba nina mtoto. Ndivyo tulivyoishi kule, hema kwa hema, na hatujuani. Yule bibi ndiye aliyenifundisha.

Tulirudi Koboko miaka ya themanini ikielekea mwisho. Boma letu lilikuwa na mimi, mama wa mume wangu, na wifi yangu, ambaye mumewe alimwacha hukohuko Sudan na watoto. Ng'ambo ya uwanja alikaa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na familia yake. Majina sitaandika. Lakini nikisema shemeji aliyejenga vyumba vya kupangisha kando ya barabara ya Oraba, mtu wa Koboko anajua ni nani, na yeye anajijua. Kiwanja cha vyumba hivyo kilikuwa cha mume wangu. Malori yalianza kupita tena kwenda mpakani, na kadiri yalivyoongezeka, ndivyo shemeji alivyozidi kuniuliza nitaolewa lini.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimjibu. Alimwambia huyu ni mke wa mwanangu, na mwanangu hajaniaga. Kwa hiyo mama akiwa hai, mimi nilikuwa na kwangu. Nililijua hilo, na shemeji alilijua.

Sasa nimweleze asiye wa huku. West Nile tunaogopa sumu kuliko bunduki. Mtu akikupa cha kunywa, iwe pombe kwa wanaokunywa, iwe chai, iwe dawa, anaonja yeye kwanza mbele ya macho yako, halafu anakupa. Si kushukiana. Ni adabu tu, kama kuvua viatu mlangoni. Lakini asiyeonja, watu wanamwangalia mikono.

Mwezi uliofuata Ramadhani, mama alishikwa na kifua. Kituo cha afya wakati ule kilikuwa na kuta tu. Na mimi nilikuwa nalipa siku zangu. Wanawake wa Kiislamu wanajua: zile siku za Ramadhani ambazo mwili haukuruhusu ufunge, unazilipa baadaye. Mambo haya hatuwaambii wanaume. Mimi na wifi tulikubaliana kulipa pamoja ili tusaidiane njaa. Alfajiri ile tulikula daku pamoja, mihogo iliyolala na chai, tukicheka kwamba wanaume wanadhani tunakonda kwa huzuni.

Mchana kifua kilimbana mama. Wageni walikuwepo, wanawake kutoka Dranya waliokuja kumpa pole, na shemeji alisimama mlangoni. Nilileta chupa, nikachota kijiko, nikakipeleka moja kwa moja mdomoni mwa mama. Wanawake wakaangaliana. Nilidhani ni huruma ya mgonjwa. Mama akalamba, akasema, "Iko tamu. Ongeza." Nikaongeza. Akapumua vizuri, akalala. Kesho yake alikufa.

Asali haiui wala haifufui. Inalainisha kifua, basi. Mapafu ya mama yalikwishia kambini, kwenye moshi na baridi, na kila mtu aliyerudi naye alijua.

Kabla matanga hayajaisha, shemeji aliwakalisha wazee kwenye mikeka uwanjani, nikaitwa. Alianza kwa mbali, akazungumzia jinsi mama alivyonipenda. Halafu akaniuliza kama nilionja ile dawa.

"Sikuonja," nikasema. "Nilikuwa nimefunga."

"Ramadhani iliisha, shemeji. Wewe unafunga ya nani?"

Watu walicheka. Kwenye matanga ya mama yake, walicheka.

Ikabidi niseme mbele ya wanaume kwamba nalipa siku zangu. Wakaanza kukohoa na kuangalia chini, na mmoja akaniambia nione haya. Mzee aliyekaa katikati ndiye pekee aliyeuliza swali la haki. "Mama, kama ulifunga, nani iko anajua?"

Nikamwonyesha wifi. Alikuwa upande wa wanawake, anachambua mchele kwenye ungo. Nikasema huyu anajua, tumekula daku pamoja. Mikono yake haikusimama. Alitoa jiwe, akalitupa, akachagua tena.

"Mimi sijui mambo yake," akasema. "Kila mutu na tumbo yake."

Niliwaambia waniletee ile chupa niinywe yote mbele yao. Shemeji akasema alishaimwaga chooni siku ya mazishi, watoto wasije wakaigusa. Mtu anayeamini chupa ina sumu anaimwaga, au anaiweka wazee waione? Hakuna aliyeuliza. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini hilo niliona.

Hawakunipiga. Watu wananiambia nishukuru kwa hilo. Niliambiwa tu niondoke, na shemeji mwenyewe akanitafutia nafasi kwenye lori la tumbaku, mkarimu sana siku hiyo.

Mjini Arua nilipanga chumba nyuma ya soko. Nilianza kwa kukaanga mandazi, kwa sababu mikono yangu inajua. Baada ya muda mfupi akapita mwanamke wa Koboko, akaniona, akainama kwa jirani yangu wakanong'ona. Mandazi yangu yakaanza kulala. Nikaacha, nikauza mkaa, kwa sababu mkaa hauliwi. Asali niliendelea kutengeneza, chupa ndogo, ya kifua changu mwenyewe. Kikohozi cha mtu anayekaa peke yake ni kirefu, hakuna anayesema pole katikati yake kikatulia.

Miaka ikapita. Siku moja ya soko wifi alisimama mlangoni kwangu na mfuko wa vitu. Amezeeka, meno mengine hayapo. Nilimkaribisha, nikamwekea chai, na kabla sijainyanyua kuionja alikuwa ameshaivuta, amekunywa nusu. Nikakaa namwangalia. Hakujua hata amefanya nini.

"Wifi," akasema, "siku ile nilijua umefunga."

Nikamwambia najua kwamba anajua.

Akasema shemeji angemfukuza na yeye, na watoto wake angewapeleka wapi. Nikamjibu angekuja huku, tungeuza mkaa wawili, angalau jioni pangekuwa na mtu wa kusema naye. Alilia. Mimi sikulia, machozi yangu yalikwishia kambini. Nilimwambia simtaki aniombe msamaha ndani ya chumba ambacho hakuna anayesikia. Arudi Koboko, asimame Ijumaa watu wakitoka msikitini, aseme tulifunga wote.

"Ijumaa inayokuja," akasema, "inshallah."

Nikamsindikiza mpaka kwenye magari. Wakati wa kupanda alinishika mkono, akanishika kama zamani. Nikamwamini.

Ijumaa zimekwisha nyingi. Watu wa Koboko wakija kununua mkaa nawauliza habari za huko, nawaacha waseme wenyewe. Wananiambia mvua, wananiambia malori yamejazana Oraba, wananiambia shemeji ameongeza vyumba. La wifi hakuna. Wanabeba gunia, wanaondoka.

Kwa hiyo nimeliandika mimi. Tulikuwa tumefunga, mimi na dada wa mume wangu, na alfajiri tulikula mihogo kutoka sahani moja. Anayesoma haya akiwa Koboko amsomee wifi yangu, maana hajui kusoma. Asimsomee ndani. Amsomee uwanjani, wengine wakiwepo.