Nilivyoachwa kwa Radhi Nikaenda Chuo Kikuu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vilivyonibana, na mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile vidole vya miguu ndivyo vinavyoanza kukumbuka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Skuli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye paa la bati, si mbali na Chokocho, kusini ya Pemba, na wanafunzi wote walikuwa wasichana. Aliyenipokea mlangoni ni Mwalimu Kombo, mwalimu mkuu wa skuli ya wavulana iliyokuwa jirani. Alipewa aiangalie na yetu, lakini kwa mbali, kwani wazazi hawakutaka mwanamme aingie darasani kwa binti zao. Akanipa boksi la chaki, akajisogeza nyuma.

"Bi Raya, watoto ndio hao," alisema. "Mie kizingiti hichi sikivuki. Ukikwama, piga kelele."

Sikupiga kelele, lakini nilitamani. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado si mwalimu kamili. Chuo chetu cha ualimu cha wanawake, kule Unguja, kilikuwa na utaratibu wake: miaka miwili unasoma bwenini, halafu mwaka mzima unarudishwa kwenu kusomesha huku unaangaliwa. Tukiuita mwaka wa mazoezi, na sisi tukiitwa wanagenzi. Kila somo lilitaka andalio, yaani unaandika kabla utaanzaje, utawauliza nini watoto, na utajuaje kama wameelewa. Vijana wa leo wananiambia andalio linachosha. Jamani, sisi tuliandika kwa kalamu ya kuchovya na wino ulimwagika!

Watoto waliandika kwenye sleti, vile vibao vyeusi vya mawe, na kufutia kwa kitambaa, ingawa wengi walipendelea mate na kiwiko. Waliotoka Kisiwa Panza walivuka kwa mtumbwi. Maji yakikupwa, mtumbwi ulikwama mbali na pwani, nao wakashuka na kutembea topeni, wakaingia darasani wamechelewa na kanga zimerowa mpaka magotini. Miongoni mwao alikuwepo mmoja, Mwanakombo, aliyekuwa akikamua kanga yake mlangoni kwa utaratibu kabisa, akaniamkia, ndipo akakaa. Basi nikaamua siku za maji kupwa hesabu zisomwe mwisho, ili watoto hawa wasizikose.

Mkuu wa chuo chetu, Mwingereza tuliyemwita Bi Mkuu, alipokuja kunikagua hakupendezwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyekijua Kiswahili vizuri kuliko alivyotaka tujue.

"Ratiba ni ratiba, Raya," aliniambia.

"Ndiyo, Bi Mkuu. Lakini bahari haijapewa nakala."

Nilipolisema nikataka ardhi inimeze. Bi Mkuu akanitazama, akageuka dirishani, mabega yakamtikisika. Nilijua anacheka. Tangu siku ile nilimpenda, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Bi Mkuu mwenyewe ndiye aliyenitia hamu. Tulipokuwa bwenini alituhadithia kwamba chuo kikuu cha serikali kule Uganda kina masomo ya ualimu wa juu, na kwamba mwanafunzi mzuri wa chuo kidogo kama chetu anaweza kuhamia huko na miaka yake ikahesabiwa. Wenzangu waliisikiliza kama hadithi ya Sultani wa mbali. Mimi ikaniganda. Katika mwaka wa mazoezi nikaomba nafasi, na nikakubaliwa. Wangenipokea mwaka wa pili moja kwa moja, kwa kuhesabu nilivyosoma Unguja, lakini kwa muhula ule tu. Nikiuacha upite, nianze chini kama mtu ambaye hajasoma kitu. Na baba yangu, nilimjua, asingeniruhusu kukaa Uganda miaka yote hiyo.

Nikamwendea. Baba, Mzee Hamad, alikuwa mkulima wa karafuu, mpole, lakini akishasema hapana huwezi kumgeuza hata kwa gari la ng'ombe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu wako kakuacha?" akauliza.

"Baba, huko hawaulizi hayo."

"Mie nauliza."

Vijana wakisikia "kuachwa" wanafikiria talaka, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mtoto anayehama kutoka kwa mwalimu mmoja wa Kurani kwenda kwa mwingine haondoki tu. Mzazi humpeleka kwa mwalimu wa zamani, akasomeshwa mbele ya watu, kisha mwalimu akamshika mkono na kuutia katika mkono wa mzazi, akasema amemwacha kwa radhi na amefika wapi. Mimi nilianza kusoma Mgogoni, na tulipohamia Chokocho niliachwa hivyo hivyo. Mwalimu wangu mpya, Bi Mize, aliniuliza nimefika wapi, akanisikiliza nikisoma, akanipokea papo hapo nilipokuwa. Aliyetoroka mwalimu wake alirudishwa kwenye alifu, hata kama ana nusu ya msahafu kifuani. Kwa baba, chuo kikuu hakikuwa na tofauti na hilo. Nisipoachwa, nitakuwa mtoro, na elimu ya mtoro haina baraka.

Nikapiga moyo konde, na Bi Mkuu alipokuja tena Pemba nikamwomba aniache kwa radhi. Uso ukamshuka.

"Miaka mingapi nimewaomba wazazi wa huku walete watoto wao skuli?" alisema. "Walinijibu kitu kimoja tu: tupe mwalimu mwanamke, tunayemjua. Nimempata. Ni wewe. Ukiondoka, watoto hawa watarudi majumbani, na hawatatoka tena."

"Muda si mrefu atakuja mwanagenzi mwingine, Bi Mkuu."

"Mwakani, labda. Mwakani wengine watakuwa wameolewa. Karatasi zako ni halali, Raya. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini usiniombe niseme nimeridhika, maana sikuridhika."

Nilirudi nyumbani nikalia mpaka kanga ikarowa. Lililoniumiza zaidi ni kwamba Bi Mkuu alisema kweli. Niliwaona wale watoto mmoja mmoja, nikamwona Mwanakombo akikamua kanga yake mlangoni, halafu mlango umefungwa. Nilikitaka chuo kikuu kama mwenye kiu anavyotaka maji, na sikutaka kukifikia kwa kupita juu ya vichwa vyao.

Baba hakunipa pole wala hakunigombeza. Asubuhi ya pili alikwenda kwa Bi Mize. Sijui walizungumza nini. Ninachojua ni kwamba kabla ya adhuhuri Bi Mize alitokea skuli na bakora yake, kajitanda kanga, kwapani kabana mkeka na bunda la ukili. Ukili, kwa wasioujua, ni ule utepe wa majani ya mkindu unaosukwa kwanza na kushonwa baadaye ukawa mkeka. Wanawake wa Pemba walisuka wakienda, wakikaa, wakisengenya. Bi Mize alikuwa amewasomesha Kurani mama wa takriban watoto wote wa darasa lile, na mama hao walikuwa bado wanamwogopa.

Bi Mkuu alikuwa mlangoni na Mwalimu Kombo, anajitayarisha kuondoka. Wakasalimiana. Bi Mize hakuzunguka.

"Mzungu wangu, nasikia kumkataza ntoto wangu kwa sababu hapana ntu nke wa kukaa na hawa."

"Si kumkataza, Bi Mize. Naogopa watoto wataondolewa."

"Mie n'takaa." Akaingia, akatandika mkeka wake nyuma ya darasa, akakaa kitako, akatoa ukili. "Kila siku nipo hapa. Kombo aingie asomeshe. Nani atasema kitu, na mie nipo?"

Bi Mkuu akamgeukia Mwalimu Kombo.

"Hasemi ntu," alijibu Mwalimu Kombo. "Bi Mize akiwepo, hata mie n'taogopa kukosea hesabu."

Bi Mkuu alimtazama yule mzee aliyekwishaanza kusuka, akawatazama watoto, akanitazama mimi. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliingia darasani, akainama mbele ya ule mkeka, akauliza kwa sauti ya chini:

"Bi Mize, huku mnamwachaje mwanafunzi?"

Bi Mize akamfundisha maneno. Baba akaitwa. Nikaambiwa nisimame mbele ya darasa nisomeshe, kwa kuwa bila ya kusikilizwa huachwi. Nikasomesha mgawanyo, sauti inanitetemeka. Nilipomaliza, Bi Mkuu alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi. Hakumpa baba mkono wake mwenyewe, alijua si adabu, akauweka wangu tu katika kiganja cha baba.

"Nimemwacha kwa radhi," alisema. "Amefika mwaka wa tatu wa chuo chetu. Ampokeaye aendelee hapo." Halafu akaongeza la kwake: "Na arudi."

Chuo kikuu sitakisimulia sana, wengine wamekisimulia vizuri zaidi. Nitasema tu kwamba kulikuwa na baridi ya asubuhi, ndizi za kupika kila siku, na wasichana tuliohesabika kwa vidole. Mkuu wa idara ya elimu, mtu wa miwani mizito, aliniita siku ya mwanzo ili ajue kama kweli nastahili kuingia mwaka wa pili. Akanikalisha, akaniuliza kwa Kiingereza nimefika wapi katika masomo yangu. Nikatabasamu bila ya kujizuia, na yeye akadhani nina adabu nzuri. Alinihoji mpaka akaridhika, na sikurudishwa kwenye alifu.

Niliporudi Pemba, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilishukia kwa Bi Mize kabla ya nyumbani. Nilimkuta anasuka kwa kupapasa, macho yamepungua nguvu. Mwanagenzi mpya alikuwa amekwishafika, lakini Bi Mize, nikaambiwa, aliendelea kwenda skuli kwa muda mrefu baada ya kutohitajika, kwa kuwa alitaka kujua hadithi ya kitabu cha kusomea iliishaje. Na hakuna mtoto hata mmoja aliyeondolewa.

"Umefika wapi huko?" akaniuliza.

"Nimemaliza, bibi."

"Soma."

Nikamsomea somo nililolipenda kuliko yote, namna mtoto anavyoanzia kwenye analolijua ndipo akalifikia asilolijua. Nililisoma kwa Kiingereza, maana ndivyo nilivyofundishwa. Hakuelewa hata neno moja. Alisikiliza kichwa kimeinama, kama alivyonisikiliza nilipokuwa mdogo. Mahali fulani nikababaika.

"Rudia," alisema. "Hapo kusita."

Nikarudia. Akaridhika. "N'shakupokea. Endelea hapo hapo."

Nikaendelea. Nilisomesha sekondari Unguja, chini ya mwalimu mkuu mmoja mkali aliyepima urefu wa kaptura za wavulana kwa rula. Nikaolewa na Bwana Salim, mpima ardhi, mtu wa mzaha, aliyesema yeye hupima viwanja na mimi hupima vichwa. Nikahamishiwa chuo cha ualimu, nikawa mkufunzi, yaani mwalimu wa walimu, nikakaa kwenye kiti kama kile cha Bi Mkuu na kukagua maandalio ya wanagenzi. Mwishowe nikaomba nirudi Pemba, nikawa mwalimu mkuu wa skuli ile ile ya wasichana, ambayo sasa ilikuwa na madarasa mengi na vyoo. Wanafunzi wengi waliohama mikononi mwangu kwenda vyuo vikuu niliwaacha kwa mkono, mbele ya wazee wao. Baadhi yao walicheka. Nami nilicheka nao, lakini mkono nilishika.

Siku niliyostaafu palikuwa na hotuba, soda, na saa ya ukutani ambayo haijawahi kusema kweli. Nilikaa jukwaani na huzuni nisiyoweza kumweleza mtu. Bi Mize alikuwa kaburini, baba pia, na Bi Mkuu alikuwa amerudi kwao zamani na habari zake zilikatika. Nilijiona naondoka kama mtoro, kwa kuwa hakubaki wa kuniacha.

Aliyeshika nafasi yangu alikuwa Mwanakombo, yule wa kanga iliyorowa, sasa mtu mzima mwenye wajukuu. Alisoma hotuba yake iliyopigwa taipu, akaikunja. Kisha akanijia, akasema kwa lafudhi ya kwao Kisiwa Panza:

"Mwalimu, simama usomeshe."

Nikasimama, nikasomesha mgawanyo, ule ule, mbele ya wageni na maofisa, sauti inanitetemeka vile vile. Mwanakombo alisikiliza mpaka mwisho. Akanishika mkono, akashuka nami mpaka safu ya mbele, akautia katika mkono wa Bwana Salim.

"N'shamwacha kwa radhi," alisema. "Kasomesha mpaka wajukuu zetu. Ampokeaye, ampumzishe."

Bwana Salim, ambaye hakuwahi kukosa mzaha, siku ile aliukosa. Aliufumba mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"N'shampokea," alisema, na tukaenda nyumbani.