Siku Nilipomnawisha Mgeni kwa Maji Yenye Samaki

Jamani, aibu mimi naijua, tena siyo ile ya kusimuliwa. Hadi leo nikipita sokoni Katoro kuna dereva wa bodaboda akiniona tu anakinga viganja viwili mbele, kama mtu anayesubiri kunawishwa, na wenzake wanacheka mpaka wanaegemea pikipiki, na mimi nainamisha kichwa napita upesi kama vile nimeitwa mahali. Nimeona afadhali nisimulie mwenyewe, maana wanaosimulia wao wameongeza chumvi, wengine wanasema samaki aliingia kwenye supu. Hakuingia kwenye supu. Yaliyotokea ni haya, na yanatosha.

Mimi ni mhudumu kwenye mgahawa wa Mama Kulwa, pale wanapokula wachimbaji wa dhahabu kabla ya kwenda machimboni. Mama Kulwa alikwenda harusini Mwanza, akalala hoteli yenye tangi la samaki mapokezini, akarudi ameshaamua. Akanunua tangi la kioo na samaki watatu, wawili weusi wadogo wasio na maneno, na mmoja wa rangi ya chungwa, mnene, anayeogelea taratibu huku anatazama watu kama vile wote ni vibarua wake. Wateja wakamwita Bosi. Kazi ya kuwalisha nikapewa mimi, kwa sababu (na hili Mama alilisema mbele ya wateja) "Mayala kuongea na watu hawezi, labda ataongea na samaki." Watu wakacheka. Lakini kweli niliongea nao, na hawakuwahi kunikatiza.

Chakula chao kilikuwa cha kopo, punje ndogondogo kama uwele, za rangi moja na harufu moja. Mama alinionyesha mwenyewe: "Unachukua kidogo kwa vidole viwili, asubuhi, basi. Wakikutazama kwa huruma, na wewe watazame kwa huruma." Nikafanya hivyo. Ila roho iliniuma. Mimi jina langu Mayala, na kwetu Kisukuma mayala ni njaa, nilizaliwa mwaka ambao mvua iligoma, na utoto wangu nimekula ugali na mlenda mpaka nikiota ndoto naota mlenda. Sasa namwona kiumbe anaishi ndani ya mgahawa, ananusa (kama samaki wananusa) pilau, kuku, maharage ya nazi, halafu kila asubuhi anapewa uwele ule ule. Kwetu hata mgeni usiyempenda humpi mboga ya aina moja siku tatu mfululizo. Nikajiambia huu ni uonevu.

Basi ikatokea kwamba Mzee Machibya, mwenye maduara kadhaa kule machimboni (duara ni lile shimo wanalozama wachimbaji), anatafuta mtu wa kuwapikia watu wake chakula cha kila siku, na amesema Jumapili atakuja kwetu kuonja. Hilo kwa Mama Kulwa lilikuwa jambo la kufa na kupona. Jiko letu lilikuwa linavuja, mvua ikinyesha mpishi anakoroga kwa mkono mmoja na mwingine ameshika mwavuli, na jirani wa ng'ambo ya barabara, Mama Anna, naye alikuwa anaitaka kazi hiyo hiyo. Mama Kulwa akafunga safari kwenda Kagongwa kwa dada yake kuchagua mchele kwa mikono yake mwenyewe, arudi Jumamosi. Mgahawa akauacha kwa mpishi, tangi akaliacha kwangu.

Asubuhi iliyofuata nikampa Bosi kipande cha chapati, kidogo kama ukucha. Uamuzi wangu ulikuwa ndio huo tu, sikuua mtu. Akakimeza, akazunguka, akarudi kunitazama, na mimi nikafurahi kama mzazi.

Sikujua kwamba nyuma yangu yupo Masanja. Masanja ni mchimbaji wa kwa Mzee Machibya, mtu wa maneno mengi, akinong'ona hata walioko barabarani wanageuka.

"Kumbe Bosi anakula chapati!"

Nikaficha mkono nyuma.

"Mpe na yangu basi, mdogo wangu. Leo nazama, anibariki."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Neno lenyewe fupi, hata mtoto analiweza, lakini mimi nikitazamwa na watu ulimi unakuwa mzito kama gunia lenye maji. Nikasogea pembeni. Masanja akamega chapati yake akatumbukiza.

Jioni duara lao likatema. Sisemi kwa sababu ya chapati, nasema tu kwamba lilitema, wakapata mawe mazuri, na Masanja akaja na tope masikioni anapiga kelele tangu barabarani: "Bosi amekula, duara limetema! Bosi amekula, duara limetema!" Kesho yake alfajiri nakuta foleni. Foleni ya kulisha samaki! Na kila mmoja ameshika anachokula yeye, maana Masanja alishawatangazia kuwa sharti ugawane na Bosi kile unachokula, ukimletea cha kununua kando baraka haipandi. Huyu andazi, huyu maharage, yule ametoka nacho nyumbani kiporo cha ugali na dagaa (dagaa! yaani Bosi alilishwa ndugu zake), mwingine michembe, vile viazi vikavu vyetu vinavyotafunwa mpaka taya zinauma. Kuna mmoja alitaka kumwagia na bia, huyo nilimzuia kwa kukohoa.

Waliolisha na kupata, walirudi kusimulia. Waliolisha na kukosa, hawakurudi kusimulia, na mimi wakati ule sikuliona hilo. Nisiwadanganye, nilianza hata kujivuna. Bosi sasa alikuwa anakula vyakula vingi kuliko mtu yeyote pale Katoro, na aliyefungua mlango huo ni mimi.

Ijumaa maji yakawa na rangi ya uji. Kale kamashine ka kusafisha maji kalikuwa kanaguna kama mzee anayepanda mlima, Jumamosi kakanyamaza, kumbe michembe ilikuwa imevimba ndani yake. Wale weusi wawili walijificha nyuma ya jiwe, na nadhani ndio pekee waliokuwa na akili mle ndani, hata ukinihesabu na mimi. Bosi tumbo lilikuwa limetuna, anaelea upande upande, akijitahidi kuzama anapanda tena juu kama kizibo. Nikafunika tangi kwa kitenge. Mama aliporudi jioni akauliza kuna nini, nikasema vumbi. Alikuwa amechoka na magunia yake, akaenda jikoni.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, mgahawa ukajaa. Masanja na wenzake walikuja kwa makusudi, wamevaa mashati safi, wamsifie Mama Kulwa mbele ya bosi wao wa kweli. Mimi nikaona huu ndio mwanya: wakati Mama yuko jikoni nimtoe Bosi, nimwage yale maji, niweke mengine, nimrudishe, kitenge kiondoke, mambo yaishe. Nikachukua jagi la plastiki la bluu, nikajaza maji safi ya kisima, nikamkinga Bosi taratibu akaingia. Nilikuwa nimelikumbatia jagi hilo kifuani naelekea uani, ndipo mlangoni akaingia Mzee Machibya na wazee wenzake wawili, na nyuma yangu sauti ya Mama Kulwa ikapasuka:

"Mayala! Wageni wananawa na nini, mate? Si jagi hilo unalo mkononi?"

Mgahawa mzima ukanigeukia. Fikirini wenyewe. Ningesema, "Mama, humu mna Bosi," mambo yangeishia hapo, ningefokewa na kusahaulika. Lakini macho yote yale! Mpishi akanipachika beseni kwenye mkono wa pili, na miguu yangu ikaenda yenyewe mezani.

Nikajipa moyo kwamba maji ni mengi, Bosi yuko chini, nikimimina kidogo kidogo hatatoka. Mzee Machibya kwa heshima zake akasema, "Anza na hawa wenzangu." Nikaanza. Yule wa kwanza akanawa vizuri. Wa pili naye akanawa, akaomba niongeze, nikaongeza, na jagi likawa jepesi, na humo ndani nikasikia mkia ukigonga plastiki. Nikakohoa ili usisikike.

Akabaki Mzee Machibya. Huyo, ndugu zangu, hanawi viganja tu, ananawa kama anayejiandaa kukamua maziwa, hadi kwenye kiwiko.

"Mimina, ng'wanone," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, "mbona unabania maji kama ya kuazima?"

Nikainamisha jagi. Akakinga viganja viwili. Bosi akashuka.

Alishuka mzima mzima, akatua katikati ya viganja vya Mzee Machibya, akalala chali tumbo juu, anafungua na kufunga mdomo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Hata sufuria jikoni zilikoma kugongana.

"Hiki nini?" akauliza Mzee.

"Samaki," nikasema. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia mtu mkubwa bila kuinama.

"Samaki namwona. Nauliza anafanya nini kwenye maji ya kunawa."

Kabla sijafungua mdomo Masanja akaruka kutoka kwenye benchi: "Bosi! Jamani, huyu ni Bosi!" Mama Kulwa akapiga ukelele, akanyakua bakuli la maji ya kunywa, Mzee akamtia Bosi humo, bakuli likawekwa mezani pale pale, katikati ya kuku na pilau. Na Bosi akaelea humo ubavu ubavu, tumbo limetuna kama puto, mbele ya watu wote.

Mama akanigeukia kwa sauti ndogo, ile inayotisha kuliko kelele. "Mayala. Amekula nini?"

Nilipotaka kujibu, Masanja akanitangulia. Na ninaapa alitaka kusaidia, aliona ndiyo nafasi ya kumsifia Mama. "Mzee," akasema, "usiwe na wasiwasi na chakula cha hapa! Bosi mwenyewe wiki nzima amekula cha jiko hili. Chapati kala, maharage kala, andazi kala, pilau kala. Hakuna chakula cha Mama Kulwa ambacho hajakionja!"

Watu wote wakamtazama Bosi.

Mzee Machibya naye akamtazama, muda mrefu, halafu akaisogeza sahani yake mbele kwa kidole kimoja. "Nimeona," akasema. Akajifuta mikono kwa leso, akamwambia Mama Kulwa "wabeja", yaani ahsante, akatoka na wazee wake. Kutoka dirishani tuliwaona wakivuka barabara kwenda kwa Mama Anna.

Kazi ilikwenda huko, na mpaka leo ipo huko. Paa la jikoni bado linavuja, na mvua ikinyesha anayeshika mwavuli ni mimi.

Mama Kulwa hakunifukuza. Alimpigia simu yule muuza samaki wa Mwanza, akaweka sauti kubwa ili nisikie mwenyewe. Muuzaji akasema samaki huyo afungishwe siku mbili tatu, asipewe chochote, maji yabadilishwe nusu nusu, kisha apewe njegere moja iliyochemshwa na kumenywa. Nikauliza (Mama alinilazimisha niulize mimi), "Kwani hawachoki na chakula kimoja?" Akacheka. "Mbadilishie, kijana, siyo vibaya. Leo punje, siku nyingine njegere, siku nyingine viluwiluwi vya mbu. Lakini mbadilishie vya kwao, siyo vya kwako." Bosi akafunga, na kwa kudra za Mungu akapona, akarudi kututazama kama vibarua.

Adhabu yangu ikawa kiti. Mama aliweka kiti kando ya tangi, na kila asubuhi nakaa hapo foleni ikija, namwambia kila mtu, mmoja mmoja, usoni: hapana. Siku ya kwanza nilitokwa jasho mpaka shati likaloa. Masanja alinibembeleza, akaniita ndugu, akaniita shemeji, akaniita mchawi wa riziki zake. Nikamwambia hapana, sauti ikatetemeka, lakini ikatoka.

Nimeapa sitampa tena kiumbe chakula kwa sababu mimi ndiye ningekitamani, na sitabeba tena jagi ambalo naona haya kusema lina nini ndani. Kiapo hiki kilipimwa sikukuu ya Pasaka. Mgahawa umejaa, Mama Kulwa amevaa gauni jipya, ana furaha, akaja kwenye tangi na kipande cha mnofu wa kuku kati ya vidole viwili. "Leo sikukuu, Mayala. Na yeye aonje kidogo."

Watu wakanitazama. Wote.

"Mama," nikasema, "hapana."

Akanikazia macho, mimi nikamkazia. Halafu akautia ule mnofu mdomoni mwake, akautafuna taratibu, akarudi jikoni.